Dhambi Iliyokuwa na Adabu

Montefrasca, siku ya Mtakatifu Luka, Oktoba 1336

Shangazi mpendwa, Sista Ermellina,

Pokea salamu za milimani, za baridi kidogo lakini safi. Mimi mzima. Mama naye hajambo, ila goti lake ni lile lile. Anasema likiuma kwa ndani mvua inakuja, likiuma kwa nje mgeni yuko njiani. Wiki hii limeuma kotekote, na kweli Puccio mwendesha nyumbu ametufikia kalowa chepechepe. Ndiye anayekuletea barua hii na jibini mbili. Akikukabidhi moja, muulize ya pili.

Ulinionya nisiwacheke watu wa parokia yangu ya kwanza. Najitahidi, Shangazi, lakini nifanyeje? Kuna bibi hapa, Bi Orsa, ambaye maisha yake yote amekuwa akimwomba Mtakatifu Amina. Nikamuuliza ni mtakatifu gani huyo. Akanitazama kwa huruma. "Na wewe umesoma, Padri! Si huyo anayetajwa mwisho wa kila sala? Mkubwa husemwa mwisho." Fundi wa mapipa naye anaamini Pontio Pilato alikuwa mtume, tena mtume mkubwa, maana Pilato yumo kwenye sala ya Nasadiki na Petro hayumo.

Bologna walitufundisha kwamba ujinga ni mama wa makosa yote. Nimeapa kumfukuza mama huyo hapa Montefrasca, yeye na wanawe wote. Napita nyumba kwa nyumba. Namsikiliza kila mtu sala zake, kisha namuuliza nani alimshika kwenye maji ya ubatizo.

Na hapo ndipo nilipokuta jambo. Kuna Neri msaga unga, na mkewe Dialta. Wana watoto watatu, nyumba safi, hawagombani zaidi ya majirani. Sasa Mzee Chele, mchungaji wa zamani, kaniambia huku akicheka kwamba Neri alizaliwa kule nyanda za pwani za Maremma, wazazi wake walipokuwa wameteremka na kondoo kukimbia baridi, na aliyemshika siku ya kubatizwa ni marehemu Pasqua, aliyekuwa akiwapikia wachungaji. "Alimkojolea mkono mzima!" anasema mzee. Shangazi, Pasqua ni mama yake Dialta! Kwa hiyo Pasqua ni mama wa kiroho wa Neri, na Neri na Dialta ni kaka na dada mbele ya Kanisa. Ndoa yao si ndoa.

Wenyewe hawajui. Nataka kuwaambia kabla ya Majilio. Nipe neno lako, lakini usikawie.

Mwanao, Bindo


Pistoia, baada ya siku ya Mtakatifu Martino, Novemba 1336

Padri wangu, baba yangu, mwana wa kaka yangu,

Jibini imefika, moja. Puccio anasema nyingine ilianguka mtoni. Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta, kwa hiyo naamini ilianguka karibu na huo mto.

Hapa tu wazima. Mama Mkuu ana jino linalomsumbua, nasi sote tunalisikia. Sista Lucida amepanda shamari ukuta mzima, na sasa kila chakula kina ladha ya shamari, hata maji. Mwambie mama yako goti alikande kwa mafuta ya zeituni ya moto, aache kulitumia kama nabii.

Nimecheka sana habari za Mtakatifu Amina. Usimnyang'anye Bi Orsa kwa pupa. Mungu anajua barua ni ya nani hata kama anwani imekosewa.

Sasa hili la pili, nisikilize. Usiseme. Usimwambie Neri, usimwambie Dialta, usilitaje hata kwa mafumbo. Walioana kwa nia safi, hawakujua, na hawakuwa na namna ya kujua. Asiyejua kwa sababu kama hiyo hana hatia. Hata mimi niliyesomea nyuma ya ukuta nalijua hilo. Mzigo sasa ni wako, wewe unayejua. Ubebe kimya mpaka kwa askofu, uombe ruhusa ya Baba Mtakatifu, kisha ndipo uwaambie, ukiwa na dawa mkononi tayari. Daktari hamwambii mtu "una jipu" akaondoka zake.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, Bindo. Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulimwambia babu yako mbele ya wageni kwamba hana nywele, ukidhani hajui.

Shangazi yako, Ermellina


Montefrasca, Epifania, Januari 1337

Shangazi mpendwa,

Heri ya Noeli iliyopita. Theluji imefika madirishani. Mama mzima, anakushukuru kwa dawa. Goti limepoa, sasa anatabiri kwa bega. Mbuzi mmoja amezaa mapacha kabla ya wakati, tunawaweka jikoni.

Barua yako imefika juzi. Mto ulifurika, kisha njia ikazibwa na theluji, na Puccio alikaa bondeni mpaka Noeli. Nimeisoma mara nyingi. Ni barua nzuri sana. Ingefaa sana kama ingefika Novemba.

Nilimwambia Neri Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, baada ya Misa. Nilimweleza kwa upole, kwa hoja, nikamtajia na sheria yenyewe. Alivaa kofia, akaenda nyumbani, akatoka na blanketi, akahamia kinuni. Bado yuko huko. Analala juu ya magunia ya unga wa njugu za kastanya.

Siku ya pili yake akaja Dialta. Ni mwanamke mfupi. Alipoingia nikaona paa limeshuka.

"Padri," akasema, "Jumamosi nilikuwa na dhambi?"

"Ulikuwa nayo, ila hukuijua. Hukuhesabiwa."

"Na leo?"

"Leo ukiendelea kuishi naye, unahesabiwa."

"Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa mke wa mtu, na leo ni mzinzi. Katikati hapo nimefanya nini? Nimepika supu. Nimekwenda Misa."

"Dialta, dhambi ilikuwepo tangu zamani. Mimi nimeileta kwenye mwanga tu."

"Basi ilikuwa na adabu kukushinda. Miaka yote hiyo imekaa nyumbani kwangu haijanyanyua mdomo."

Nikamwambia kuna njia ya kuomba ruhusa. Akaniuliza inachukua muda gani. Nikasema pengine mwaka. Akauliza mtoto wake mdogo, anayelia mlangoni kila jioni, amwambieje. Nikasema... Haidhuru nilichosema.

Mimi mzima. Nakula vizuri. Watu wananisalimu kama kawaida.

Bindo


Pistoia, siku ya Mtakatifu Agatha, Februari 1337

Padri wangu mdogo,

Jino la Mama Mkuu limeng'olewa, Mungu ahimidiwe. Sista Lucida alimshika kichwa na mimi miguu. Monasteri imepata amani ambayo sala zetu zilishindwa kuileta.

Unasema unakula vizuri. Puccio ameniambia koti lako sasa linaweza kuchukua mtu mwingine ndani. Unasema watu wanakusalimu. Puccio anasema wanakusalimu wakiwa mbali.

Sikugombezi. Dialta amekwisha kukugombeza, na kwa ufundi ambao mimi siuwezi. Ningetamani kumwona huyo mwanamke. Uliapa kumfukuza mama wa makosa na wanawe wote, ukaenda ukawafukuzia watoto wa watu baba yao! Haya, machozi hayasagi unga. Fanya ninayokuambia.

Andika maombi. Eleza kwamba walioana mbele ya padri, matangazo yakasomwa, hakuna aliyepinga. Mpeleke Mzee Chele aape mbele ya wakili wa askofu, maana bila shahidi hawataanza. Eleza pia kwamba tangu waambiwe wameishi mbalimbali. Hiyo itawasaidia sana. Wakili namfahamu. Ni mtu mkavu, lakini anapenda yale matunda makali ya njano tunayoyachemsha na asali mpaka yawe mekundu. Nimempelekea chungu. Si hongo. Ni ukumbusho kwamba sisi watawa bado tupo.

Nawe, kabla ya kuandika neno lolote kwa askofu, nenda kinuni. Usiende na hoja. Nenda na mkate, ukae juu ya gunia, unyamaze. Walimu wako wa Bologna walikufundisha aina za ujinga: wa asiyeweza kujua, wa mvivu wa kujua, wa anayeziba masikio makusudi. Wa kwako hawakuutaja, kwa sababu hauko vitabuni. Uliwajua Neri na Dialta kwenye ukoo wao wa kiroho kabla hujawajua mezani kwao.

Kula.

Shangazi


Montefrasca, wiki ya pili baada ya Pasaka, Mei 1337

Shangazi mpendwa,

Salamu za majira ya kuchipua. Kuku wanataga, mapacha wa mbuzi wamekula shuka ya altare, Mama anakusalimu kwa viungo vyote.

Maombi yamekwenda. Mzee Chele aliapa vizuri, ila alimsimulia wakili na habari ya mkojo, na karani akaiandika. Sasa itasomwa Avignon, mbele ya Baba Mtakatifu.

Nilikwenda kinuni. Nilikaa juu ya gunia kama ulivyosema. Kwa muda mrefu Neri alisaga, nami nikageuka mweupe kwa vumbi. Mwishowe akasimamisha jiwe la kusagia, akakata mkate vipande viwili, akanipa kikubwa. Akasema, "Padri, wewe hukukosea. Ila ulikuwa na haraka." Shangazi, afadhali angenipiga. Sasa nakwenda kila Alhamisi.

Kijiji chote kinawatazama wale wawili kama mchezo wa sikukuu. Neri huleta kuni mlangoni kwa Dialta, huziweka chini, hukimbia, mtu mzima mwenye ndevu. Dialta hutoka, huzihesabu kwa sauti na kulalamika kwamba ni mbichi. Wanawake kisimani walimuuliza anajisikiaje kuwa na mume aliye kaka. Akawajibu, "Mnanionea wivu. Tangu awe kaka yangu anafua shati mwenyewe."

Lakini nina shida mpya, nawe utacheka. Kijiji kizima kimepoteza kumbukumbu. Nikimuuliza mtu nani alimshika siku ya kubatizwa, hajui. Mama yake alikuwa nani? Hana hakika. Fundi wa mapipa alikataa kuniambia jina la mkewe, akasema, "Padri, tusianze." Niliyekuja kufukuza ujinga nimewafundisha kuukimbilia. Bi Orsa peke yake ndiye ananijia bila hofu. Amenitia kwenye sala zake kwa Mtakatifu Amina, nami sijamkataza.

Sasa nakula. Muulize Puccio habari za koti.

Bindo


Pistoia, siku ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, Septemba 1337

Baba yangu,

Leo sina nafasi ya shamari wala meno, maana Puccio anaondoka sasa hivi. Nina furaha mpaka nimedondosha wino kwenye shela.

Ruhusa imetoka! Wakili wa askofu alikuja mwenyewe kuniambia, na chungu kitupu mkononi. Kizuizi kimeondolewa. Watoto wote watatu ni halali, wala haikuwahi kuwa vinginevyo, kwa kuwa wazazi wao hawakujua. Hati rasmi atakuletea Puccio kifuani mwake, chini ya shati, si pamoja na jibini.

Lakini soma vizuri sharti lake. Kiapo chao cha zamani hakikushika. Hakipakwi rangi upya, kinaanzwa. Utawasimamisha mlangoni mwa kanisa kama watu wasiowahi kuoana, utamuuliza kila mmoja kama anamtaka mwenzake kwa hiari yake, na mpaka wajibu, wako huru wote wawili.

Uliza kweli, Bindo. Usiulize kama mtu anayesoma. Uliza kama mtu asiyejua jibu.

Shangazi


Montefrasca, Novemba 1337, siku moja baada ya Mtakatifu Martino

Shangazi mpendwa,

Mama mzima. Kastanya zimekuwa nyingi mwaka huu. Mengine ya nyumbani nitakuandikia siku nyingine, maana haya hayawezi kungoja.

Hati ilipofika nilipiga kengele. Watu walijaa mbele ya kanisa na mikeka na vyakula, wakijua wamekuja kula. Neri alikuwa amejinyoa ndevu na kujikata sehemu mbili. Dialta alivaa gauni lake la bluu, watoto wakiwa nyuma yake, binti yao Lippa akimshika mdogo mkono.

Nikamuuliza Neri. Akasema "Namtaka!" kabla sijamaliza jina.

Nikamgeukia Dialta. Nikauliza polepole, kama ulivyoniagiza. Akanyamaza. Kisha akasema, "Padri, nikisema hapana?"

"Basi ni hapana."

"Hakuna atakayenilazimisha?"

"Hakuna. Hata mimi. Hata askofu."

"Na watoto ni halali vilevile?"

"Halali vilevile."

"Ajabu," akasema. "Mara ile ya kwanza padri wa zamani aliniuliza, baba akajibu. Nilikuwa bado nafikiri, nikasikia kengele." Akajifunga kitambaa vizuri. "Basi ngojeni nifikiri." Akawachukua watoto, akaenda nyumbani kukanda mkate.

Watu wakabaki wameshika vyakula vyao, Shangazi. Mwishowe Bi Orsa akasema, "Kwani tusile?" Watu wakala. Neri hakugusa kitu. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama hati.

Akafikiri Jumapili ile, akafikiri na zilizofuata. Wanaume walimwambia Neri atumie ubavu. Hakuwasikiliza. Alikuja kwangu kuniuliza afanye nini, nami, mwanafunzi wa Bologna, nikamwambia, "Sijui." Ni neno zuri, kulisema kunapumzisha. Tukakubaliana aende akamuulize mwenyewe. Akaniomba nisimame langoni, asije akakimbia.

Dialta alikuwa uani anamenya kastanya. Neri akasimama na kofia mikononi.

"Dialta, sikujua."

"Hukujua nini? Habari za mama? Hata mimi sikujua."

"Sikujua kama hukuulizwa. Nilidhani baba yako alikuuliza nyumbani."

"Na miaka yote hii hukupata kuniuliza kama aliniuliza."

"Niliogopa utanijibu," akasema Neri.

Dialta akaacha kumenya. Mimi nilikuwa natazama mti, lakini masikio hayana kope. Baadaye akasema, "Lippa ana miaka kumi. Kesho keshokutwa watakuja watu kumposa. Utamjibia?"

"Hapana."

"Hata akimkataa mwenye kondoo wengi?"

Neri aliizungusha kofia mikononi. Anawapenda kondoo. "Hata huyo."

"Na shati?"

"Nitaendelea kufua."

"Shati sikulazimishi," akasema Dialta. "Unalifua vibaya." Akasogeza kikapu, akampa kisu cha pili, Neri akaketi kando yake, wakamenya.

Jana, siku ya Mtakatifu Martino, alisimama mlangoni mwa kanisa. Nikamuuliza. Alinyamaza tena kidogo, nadhani ili tu kutuona tukitoka jasho. Kisha akasema "Namtaka" kwa sauti iliyofika mpaka kinuni. Neri alilia kama mtoto. Fundi wa mapipa alikuja baadaye, akanivuta pembeni, akaniambia kwa minong'ono jina la mkewe.

Nilipokuwa narudi nyumbani nikajikuta nakufikiria wewe. Nimekujua ukiwa umevaa shela hiyo tangu nizaliwe. Baba alizoea kusema tu, "Ermellina alipelekwa Pistoia," kama mtu anayesema mbegu zimepelekwa shambani. Shangazi, wewe uliulizwa?

Mwanao, Bindo


Pistoia, siku ya Mtakatifu Lusia, Desemba 1337

Mwanangu Bindo,

Umenifurahisha, nami nimewasomea watawa wote kuhusu shati. Mama Mkuu amecheka mpaka pengo lake likaonekana. Ameamuru Dialta aombewe, na pia aletwe hapa siku moja, atufundishe kunyamaza mlangoni mwa kanisa. Theluji imeanza. Shamari imekufa kwa baridi, nami sikwenda kuizika. Mwambie mama yako...

Nimeandika mstari huo mara tatu na sina la kumwambia mama yako. Namzungusha mwanangu kama karani.

Niliulizwa, Bindo. Askofu wa wakati ule aliniuliza vizuri, kwa sauti nzuri, kwa Kilatini. Nilikuwa mdogo kuliko Dialta alipoolewa. Walinikaririsha jibu njiani, juu ya nyumbu, nikalitoa bila kukosea hata silabi, na watu wakanisifu. Nilipojifunza Kilatini, miaka baadaye, ndipo nikaelewa nilichoulizwa na nilichojibu. Siku ile nilikaa jikoni nikikata vitunguu, na kila aliyepita alidhani ni vitunguu.

Usimlaumu babu yako. Wala usihuzunike, maana nakuona hapo ulipo, umeshaacha kula. Sikukaa na uchungu. Kuna kazi, kuna nyimbo, kuna Sista Lucida. Ila ni kweli kwamba swali lile lilibaki limesimama mlangoni miaka yote, nami nilipita pembeni yake kama tunavyompita mtu anayetudai salamu.

Basi barua yako ilipofika, nilitoka kwenda kisimani. Hakukuwa na mtu. Nikajiuliza, kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama nilivyokuagiza wewe: Ermellina, unataka? Sikujibu. Nikaona nami nijingojeshe. Nikajingojesha tangu Majilio yaanze, nikaamka, nikaimba, nikafagia, nikajitazama. Nikafikiria uani kwa nani ningekuwa, nimeketi na kikapu cha kastanya. Nikafikiria sana, Bindo, sikujionea haya.

Leo asubuhi, baada ya Misa, nikarudi pale pale na kusema, "Nataka." Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Sista Lucida alikuwa nyuma yangu na ndoo, akashtuka, akaniuliza naongea na nani.

Nikamwambia, na mtu aliyekuwa ananingoja.

Akaniambia nisogee basi, anataka kuchota maji.

Shangazi yako kwa hiari yake,
Ermellina